Maji Aliyoyamaliza Babu Yake Fabian

Jumanne, 6 Julai 1999

Brightness ameng'ata daftari hili sasa hivi. Kona ya juu, hapa. Meno manne, mawili ya juu na mawili ya chini, alama zake hizi. Nimemnyang'anya, amelia. Nimemrudishia, amecheka, ameng'ata tena! Basi. Daftari limepata meno ya mwanangu kabla halijapata maneno yangu.

Nina kazi!

Niandike tena. Nina kazi! Mimi Zipora, niliyeishia darasa la saba, mama wa mtoto mmoja mwenye mwaka na miezi mitatu, nina kazi na daftari na biro mbili, ya bluu na nyekundu.

Ilikuwa hivi. Saa nne gari jeupe lilisimama mbele ya kibanda cha Petro. Mume wangu ni fundi baiskeli, kila kinachosimama barabarani kwake ni mteja. Akadhani wana pancha. Akakimbia na pampu — pampu ya baiskeli kwa Land Cruiser! Dereva akacheka mpaka akalalia usukani.

Akashuka mama wa makamo, ushungi wa kijani, miwani. Anaitwa Mama Joha, mtu wa Kondoa lakini kazi yake iko Dar es Salaam. Akasema barabara yetu hii itapanuliwa, kuanzia huko Ihumwa mpaka kupita Buigiri, na kabla tingatinga halijaja lazima ijulikane itamuumiza nani na itamfaa nani. Miti, makaburi, vibanda, mifugo, watu. Wanaita tathmini ya athari. Sikujua kama kuna watu ambao kazi yao ni kuuliza kwanza!

Akasema anahitaji mkalimani, maana bibi zetu wengi Kiswahili wanakisikia lakini hawakijibu. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Bartolomayo, akamtaja mpwa wake. Mama Joha akasema hapana, nataka mwanamke, ajue Kigogo, ajue kusoma. Petro akaninyooshea ile pampu. "Huyo hapo."

Nikapewa karatasi nisome mbele za watu. Dodoso la kaya. Nilisoma mpaka chini, sikujikwaa hata mara moja, na Brightness mgongoni ananivuta nywele.

Jumatano, 7 Julai

Leo tumefundishwa, chini ya turubai karibu na ofisi ya kijiji. Mimi nitatembea na kijana anaitwa Fabian. Ametoka chuo juzi juzi. Mpole. Mrefu. Kavaa raba nyeupe — nyeupe! Kwetu hapa, Julai, na upepo huu! Kufika saa sita mchana raba zilikuwa rangi ya uji wa mtama.

Yeye anauliza kwa Kiswahili, mimi nasema kwa Kigogo, bibi anajibu, mimi namrudishia, yeye anaandika. Mama Joha alinikazia macho akasema: mkalimani ni bomba. Kinachoingia upande huu kitoke upande ule. Usiongeze, usipunguze, usitie chumvi.

Nimerudi nyumbani natembea kama bomba. Petro kaniuliza kuna nini cha kula. Nikamwambia bomba halipiki. Kacheka lakini kapika! Ugali wake una mabonge.

Neno zuri la leo: athari. Nimelisema njia nzima. Athari, athari. Brightness anasema "tai".

Ijumaa, 9 Julai

Nimecheka leo mpaka maziwa yamevuja yakalowesha blauzi. Niandike yote kabla sijasahau.

Tulifika kwa Bibi Paulina. Huyu ni bibi yake Petro, anayekaa mita arobaini kutoka kwetu. Yeye anamwita Petro mume wangu, na mimi ananiita mke mwenzangu. Alikuwa anapepeta uwele. Fabian akasema shikamoo bibi, akaitikiwa marahaba. Bibi akaniuliza kwa Kigogo, huyu mtoto mzuri ni mtu wa wapi? Fabian akajibu kazaliwa Temeke, ila baba yake ni Mhehe wa Iringa.

Jamani! Bibi aliweka ungo chini.

"Mhehe! Mke mwenzangu, fungia mbwa!"

Sisi na Wahehe ni watani, tangu mababu. Mhehe akiingia kwako unamchokoza, anakuchokoza, mnatukanana mpaka mbavu ziume, ndipo mnasalimiana kama watu. Nani asiyejua hilo? Fabian hajui!

"Anasemaje?" akaniuliza.

Mimi bomba. "Anasema nifungie mbwa."

Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama pande zote. "Kwani mbwa wenu ni mkali?"

Nikamtafsiria Bibi. Bibi akakaa chini. Akapiga paja. Akasema, mwambie mbwa hang'ati, ila Mhehe akimwona huwa anasikia njaa, ndiyo maana tunamficha. Nikasema hivyo hivyo. Fabian akasema asante, ameshakula asubuhi!

Ng'ombe wangapi? Bibi: walikuwa mia tatu, wakaja babu zako, wamebaki wawili. Akaandika wawili. Kaya inaishi kwa shughuli gani? Bibi: kulinda mbwa. Hapo alifikiri kidogo, akaandika "ulinzi".

Kisha akanyoosha biro ng'ambo ya barabara, kwenye korongo letu. Mwezi huu ni mchanga mtupu, mweupe, unang'aa. Akauliza kama kaya hii inatumia korongo lile.

Bibi akavuta pumzi. Nilijua kinakuja kitu.

"Lile lilikuwa na maji, mjukuu wangu. Maji mengi. Babu yako akatoka Iringa anawakimbia Wadachi, mbio, mbio, ulimi nje. Akafika pale akalala kifudifudi akanywa. Tukamwambia bakiza, akatukatalia. Akayanywa yote. Tangu siku hiyo hata tone! Tutakwenda kufanya nini kule?"

Nikatafsiri. Nilijitahidi sana nisicheke. Fabian alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Akaandika. Kisha akasema — nikifikiria nalia tena — akasema, "Poleni sana."

Pole!

Habari ikatutangulia. Kila nyumba tuliyofika bibi wake alikuwa mlangoni anatungoja. "Huyo ndiye mjukuu wa yule aliyemaliza maji?" Nyumba kumi na tisa! Wote jibu moja. Fabian akasema watu wa hapa wana kumbukumbu nzuri ya historia.

Jioni nikachukua ndoo, nikavuka barabara, nikachimba mchanga kwa bakuli mpaka kiwiko. Maji yakaja, safi, baridi. Nikacheka peke yangu pale chini. Babu wa Fabian kabakiza!

Jumapili, 11 Julai

Kanisani Bibi Paulina kaniuliza kwa kunong'ona, Mhehe wangu karudi? Nikasema bado. Kasema atarudi tu, hakuna mtu anayepigwa vile akanyamaza. Anaandaa majibu. Alikuwa na furaha kama msichana anayengoja barua. Mchungaji katutazama.

Jumatano, 14 Julai

Tumemaliza. Fomu sitini na nne! Mama Joha kapitia kazi yetu, kasema haina hata neno lililofutwa. Kasema wakianza upande wa Buigiri na Chamwino nitaitwa tena, safari hiyo miezi miwili, na nitapewa kitambulisho chenye picha. Picha yangu! Nitavaa ile blauzi ya mtumba yenye kola.

Kanipa kofia. Brightness anaivaa, inamfunika mpaka mabegani, anatembea ndani yake anagonga ukuta, anacheka, anagonga tena.

Fabian kaniaga. Dada Zipora, kasema, hukuniongezea wala hukunipunguzia. Hakupita kwa Bibi.

Jumatatu, 19 Julai

Upepo. Vumbi. Hakuna habari. Brightness kasema "biro". Petro anasema kasema "bibi". Ni biro.

Jumanne, 3 Agosti

Naandika polepole.

Kondakta wa basi kaleta bahasha leo kutoka mjini. Ni rasimu ya muhtasari wa ile tathmini, kurasa saba, isomwe na wananchi kabla ya mkutano wa Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Moja ya mwenyekiti, moja yangu! Jina langu juu yake kwa kompyuta. Nikaenda nayo kibandani kumsomea Petro anapoziba tyubu. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji. Ukurasa wa kwanza, barabara. Wa pili, vibanda, cha Petro kimo, kitasogezwa na atasaidiwa kujenga kingine. Tukapeana mikono! Wa tatu, miti na makaburi.

Wa nne. Nanakili.

"Korongo lililo kusini mwa barabara ni kavu mwaka mzima na halitumiwi na jamii (kaya 19 kati ya 19 zilizo jirani nalo). Mchanga wake ni safi na unafaa kwa ujenzi. Inapendekezwa mchanga wa mradi uchukuliwe hapo, ili kuepuka kugusa maeneo yanayotegemewa na wananchi."

Petro kacheka. "Babu yake Fabian!" Kacheka sana. Kisha kaacha. Kashika kiraka mkononi, gundi inakauka.

"Mchanga ukiondoka," kasema, "maji yatakaa wapi?"

Kila mtu hapa anajua. Mchanga ndio mtungi wetu. Mvua ikipita maji yanajificha humo chini, na sisi tunakunywa kuanzia Juni mpaka Desemba. Malori yakiukomba utabaki mwamba. Kisima kingine ni saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Na mtoto mgongoni.

Kaya kumi na tisa kati ya kumi na tisa. Na aliyetafsiri ni nani?

Jumatano, 4 Agosti

Nimekwenda kwa Bibi Paulina na karatasi. Nimemsomea kwa Kigogo. Nilidhani atacheka. Amechezea tu shanga za Brightness.

"Kwani hakujibu!" kasema. "Mtani asipojibu, mazungumzo bado hayajaanza. Mimi nilikuwa namngoja. Angejibu, tungecheka, ningempa kiti, ningempeleka korongoni kwa mguu wangu. Nani anaandika salamu?"

Ni kweli. Nani anaandika salamu?

Kisha kanigeukia. "Na wewe mke mwenzangu ulikuwepo. Kwa nini hukumwambia ule ni utani?"

"Nilikuwa bomba, Bibi. Nimefundishwa hivyo. Nisiongeze."

"Bomba halina kichwa?"

Kanipa kiazi kitamu nile. Nimekila.

Kwa Mzee Bartolomayo ilikuwa mbaya zaidi. Kasema rasimu ameshaipokea kwa sahihi na muhuri. Kasema tukisema sasa kwamba tulitania, tutaonekana tumeichezea serikali, barabara itapitishwa kwingine, vijana watakosa vibarua, na nani atalaumiwa? Yeye. Kasema nikae kimya. Mchanga Mungu ataleta mwingine na mvua.

Nikasema, mzee, mchanga ule umejazwa tangu Nuhu.

Kasema nina mdomo tangu nipewe kofia.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimeandika barua! Kwa Fabian. Mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na "pole" kumi, nimechana. Ya pili Brightness kaikalia na nepi mbichi. Ya tatu hii hapa nakumbuka: Kaka Fabian, salaam. Yale maji babu yako hakuyamaliza. Ulikuwa utani, kosa ni langu kutokukwambia. Muulize baba yako Mgogo ni nani kwake. Kisha njoo, usivae raba nyeupe. Mimi Zipora.

Nimempa kondakta wa basi la saa tano, aifikishe kwenye nyumba ya wageni mjini, wanakolala akina Fabian. Kaniuliza kama ni barua ya mapenzi. Petro alikuwa pale pale na spana! Kasema ndiyo, ni ya mapenzi ya mchanga. Kondakta kaondoka anakuna kichwa.

Sijui kwa nini nina furaha. Sipaswi kuwa na furaha. Lakini nimeandika barua kwa mtu wa chuo na kila neno nilikuwa nalijua.

Jumatatu, 9 Agosti

Kaja! Kaja kwa basi, peke yake, saa moja na nusu asubuhi. Na zile raba!

Alimpigia baba yake simu Iringa. Kasema baba yake alicheka mpaka hela za simu zikaisha, akampigia tena, akamkuta bado anacheka. "Umekwenda kwa watani," baba yake kamwambia, "wamekutukana kijiji kizima, ukawaambia pole? Usirudi nyumbani kabla hujalipa."

Basi tukaenda kwa Bibi Paulina. Bibi alipomwona kwenye mlango wa ua akajifanya hamjui. Akachukua ungo, akageuka.

Fabian akasimama wima kama mtoto anayesoma shairi darasani. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa:

"Bibi, nimeleta majibu ya babu yangu. Ni kweli alikunywa yale maji yote. Lakini alipofika hapa alikuwa na mkuki, ngao, blanketi na kibuyu cha asali. Wagogo mkamwomba mkuki, akatoa. Mkamwomba ngao, akatoa. Blanketi, akatoa. Asali, akatoa. Alipobakiwa na kiu peke yake, akasema, hii sigawi!"

Nikafungua mdomo nitafsiri. Bibi akaninyamazisha kwa mkono. Alikuwa amesikia kila neno! Akatupa ungo. Uwele ukamwagika, kuku wakaja. Akamrukia Fabian, akamfunga kanga shingoni, akamzungusha uani kama mbuzi, anapiga vigelegele. Majirani wakaja mbio. "Kajibu! Mhehe kajibu!" Hamwachii mpaka ajikomboe, akasema. Fabian akavua raba moja akampa. Bibi akasema Mhehe bahili, ana miguu miwili. Akavua na ya pili.

Kisha — nilikuwa naangalia — Bibi akakaa, akajifuta macho, akavuta kigoda akamwekea. Na uso wake ukawa mwingine. "Sasa karibu, mjukuu wangu. Uliza maswali yako."

Hapo ndipo dodoso lilipoanza. Mwezi mmoja baadaye!

Tukavuka wote kwenda korongoni, Fabian peku anaruka ruka kwa mibigili. Kachimba mwenyewe. Maji yalipotokea akayakinga kwa viganja. Akanywa. Akapiga picha. Akapima kina kwa futi. Akakaa hapo mpaka mchana anahesabu: ndoo mia na themanini na sita, punda tisa, na ng'ombe wa watu wanne. Mimi nilikuwa nasema, yeye anapiga vistari. Brightness alikuwa anajimwagia mchanga kichwani kama bibi harusi.

Lakini tulipokaa kivulini kibandani kwa Petro, kaniambia ukweli wote. Rasimu imeshakwenda kwa mainjinia. Kunong'onezana hakubadilishi kitu. Jambo likisemwa na mwananchi mkutanoni, likaandikwa kwenye kumbukumbu, hapo lazima walijibu. Yeye atatoa picha na hesabu yake, yuko tayari, lakini mwananchi lazima aanze.

"Na Mama Joha?" nikauliza.

Kakuna mguu. "Dada Zipora, nikuambie. Mama Joha akisikia kaya kumi na tisa zilikuwa utani na sisi tukaandika, atauliza, na hizo arobaini na tano nyingine je? Nani anajua bomba lilipitisha nini? Mimi naweza kurudi Temeke. Na wewe..." Hakumaliza.

Nilimalizia mwenyewe. Buigiri. Miezi miwili. Kitambulisho chenye picha.

Kaondoka na malapa ya Petro.

Jumatano, 11 Agosti

Nimekwenda kuchota mara mbili leo, ya pili bila sababu. Elieth jirani yangu kaniuliza nimepoteza nini huku. Nikasema nahesabu. Kaniuliza nahesabu nini, nikasema wewe, wa sitini na mbili. Kanimwagia maji!

Ijumaa, 13 Agosti

Kesho. Petro kasema aseme yeye. Nikamwambia yeye hakutafsiri. Kasema basi aseme Bibi. Bibi kasema akisema yeye watacheka tu, amezoea kuchekwa na anapenda. Kasema yeye ana mpango wake mwingine, nisimuulize.

Mwenyekiti kapita jioni kabla jua halijazama, kavaa koti. Kasema Zipora, nasikia Mama Joha anakuja na orodha ya majina ya Buigiri. Kasema tu hivyo. Kisha kamshika Brightness shavu, kaenda zake.

Orodha ya majina. Nimelifikiria jina langu kwenye orodha. Limeandikwa kwa kompyuta. Nimeona raha. Kisha nikamwosha Brightness, nikaona yale maji yanavyomtiririka mgongoni, na mchanga kidogo ulivyobaki chini ya beseni.

Sijui nitaanzaje. Nimejaribu mbele ya kuku. Kuku wameondoka.

Jumamosi, 14 Agosti

Naandika hapa hapa mkutanoni, darasa la nne, dawati la nyuma, daftari juu ya goti. Mwalimu wetu alikuwa anasema ukiogopa, andika. Naandika!

Watu wamejaa mpaka madirishani. Mbele kuna meza yenye kitambaa: Mwenyekiti na koti lake, Mama Joha, Fabian (viatu vyeusi!), na injinia mmoja mnene kutoka mjini, anaitwa Anyitike, anajifuta jasho ingawa kuna upepo. Brightness yuko kwa Petro mlangoni, anakula chaki.

Mpango wa Bibi Paulina nimeujua sasa. Mungu wangu! Kaingia na ndoo mpya kichwani, imefunikwa kwa kitambaa cheupe, na vikombe vinne vya chai vya kwake vya arusi. Kapiga goti vizuri. Kawamiminia wageni maji, mmoja mmoja. Karibuni maji, wanangu, mmetoka mbali. Kwa Kiswahili safi! Yule aliyehitaji mkalimani!

Injinia kanywa kikombe kizima. Kaomba cha pili. Kasema maji haya matamu kuliko ya mjini, mna bomba? Bibi kasema ndiyo, tunalo, lakini siku hizi linajifunza kusema. Watu wakacheka, mimi nikajificha nyuma ya Elieth.

Mama Joha anasoma. Ukurasa wa kwanza. Wa pili, makofi ya kibanda cha Petro na vingine. Wa tatu.

Amefika. "Korongo lililo kusini mwa barabara ni kavu mwaka mzima..."

Wameanza akina bibi wa mbele, mabega yanatikisika. Kisha darasa zima. Kicheko kimepanda mpaka kwenye mabati. Injinia yuko na kikombe mdomoni, cha tatu, anatuangalia juu ya ukingo wake. Kauliza kuna nini. Mwenyekiti kasimama haraka, kasema wananchi wamefurahi tu, hakuna swali, tuendelee ukurasa wa tano.

Mama Joha hajafungua ukurasa wa tano. Kavua miwani. Anamtazama Fabian, na Fabian anatazama meza. Anaitazama ndoo. Mama huyu si mjinga. Sasa anauliza, polepole, maji haya yametoka wapi?

Bibi kageuka kabisa kwenye benchi ananitafuta mimi, na wote wanageuka kufuata macho yake, safu kwa safu, mpaka huku nyuma. Nimemwona Mwenyekiti anatikisa kichwa kidogo, hapana. Orodha iko chini ya mkono wa Mama Joha, karatasi ya njano, naona majina lakini siwezi kuyasoma kutoka hapa. Mkono wangu mmoja unaandika. Ule mwingine uko juu, sijui umepanda lini, wala sioni haya, nataka kucheka! Nitaanza hivi: aliyetafsiri ni mimi, na leo siwi bomba, leo nina kichwa.

Mama Joha kaniita: "Zipora! Njoo hapa mbele, mama, uje na hilo daftari lako."